Bango la Seremala na Sekretari Mwenye Mafua

Katika mji mzima, kuanzia kwenye maduka ya simu mpaka kule wanakouza mabati, hakuna mteja aliyewahi kumwambia Mkurugenzi "hapana" mara mbili.

Hilo ni kweli tupu, hata mkiniapisha. Ile "hapana" ya kwanza ilikuwa inatosha.

Alianza na kinyozi. Aliingia akajitambulisha kwamba yeye ni dizaina wa kujitegemea, bingwa wa nembo, mabango, kadi na vipeperushi, mwenye kipaji alichozaliwa nacho na cheti alichokisomea, kisha akaeleza jinsi rangi ya zambarau inavyougusa moyo wa binadamu. Alieleza mpaka watu wawili wakanyolewa, wakalipa, wakaondoka. Kinyozi akakung'uta kitambaa chake.

"Umemaliza?"

"Kwa leo, ndiyo."

"Basi kaa nikunyoe, au nipishe hapo mlangoni. Unanizibia upepo."

Kwa mwenye duka la dawa mambo yalikwenda vizuri zaidi. Yule bwana alimsikiliza kwa makini, hakumkatiza hata mara moja, na mwishoni akamwuliza kwa sauti ya huruma hali hiyo ilimwanza lini.

Lakini msimcheke haraka. Mkurugenzi alikuwa kijana mtanashati, mwenye macho ya akili na shingo inayokaa vizuri kwenye kola. Nasema tu yale yaliyoonekana. Jina la Mkurugenzi alijipa mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine ofisini wa kumpandisha cheo. Na ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake. Nusu moja ilikuwa na meza, kompyuta na kiti kinachozunguka kuelekea kushoto tu. Nusu nyingine ilikuwa na masanduku ya shangazi, sufuria za shughuli na baiskeli ya marehemu mumewe. Usiku chumba kilikuwa malazi. Asubuhi godoro lilisimamishwa ukutani, likafunikwa shuka, na mteja akiuliza angeambiwa ni kinga ya kuzuia kelele. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Hakuna mteja aliyewahi kufika.

Shangazi alikuwa mjane wa makamo, mashavu mawili ya kushiba, mwanya mbele, kilemba cha kijani asichobanduka nacho. Akicheka aliweka mkono kiunoni, kama mtu anayezuia kicheko kisimwangushe. Siku moja alikuja kusimama mlangoni, na mkono haukuwa kiunoni.

"Mkurugenzi, funga ofisi tuongee."

"Ofisi haifungwi saa za kazi, shangazi."

"Kazi gani?"

Mkurugenzi akafunga ofisi.

"Fundi cherehani wa jirani anakitaka hiki chumba," shangazi akasema. "Ana mashine tatu na hana pa kuziweka, zinalala na watoto. Yeye atanilipa kodi. Wewe unanilipa nini?"

"Matumaini."

"Matumaini nimeyaweka jikoni tangu mwaka juzi, hayajachemsha hata maji ya kuoga. Sikiliza, mwanangu. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mteja wa kweli, mwenye akili zake timamu, aingie mlango huu kwa miguu yake mwenyewe. Akiingia, chumba hiki ni ofisi mpaka nife. Asipoingia, mashine zinaingia, na wewe unakwenda kwa baba yako mdogo kwenye mabanda ya kuku."

Mkurugenzi alishawahi kukaa kwa baba mdogo. Kule jogoo mmoja alikuwa akimwangalia kwa namna ambayo hata wahadhiri wake hawakuthubutu. Tena mtu aliyekwisha kuitwa Mkurugenzi, hata kama ni na mdomo wake mwenyewe, hawezi kurudi kuitwa "we mleta pumba".

Akatoka kutafuta riziki. Na mjanja akitoka na njaa, macho huona mbali.

Aliyemwona alikuwa Seremala. Duka lake la vitanda lilikuwa mtaa wa tatu, karakana nyuma, chumba cha maonyesho mbele, na juu ya mlango bango lililopigwa na jua mpaka likakata tamaa. Herufi zilikuwa zimefifia, rangi imebanduka, na kilichobaki kilifanana na doa la chai. Mkurugenzi alikaa kwenye ngazi za duka la mbele, akaangalia. Bwana mmoja akaingia, akatoka: alikuwa anatafuta zahanati. Mama mmoja akaingia, akatoka: alitaka kujua kama hapo ndipo wanaposajili laini za simu. Seremala mwenyewe, mtu wa makamo aliyefiwa na mke, kalamu ya risasi sikioni, aliwaelekeza wote kwa upole akarudi kwenye randa yake.

"Mungu wangu," Mkurugenzi akanong'ona. "Huyu ni mgonjwa mahututi, na hajui."

Hapo ndipo mwanga ukamshukia. Siku zote alikuwa anaingia kwa watu na kujisifu. Mimi hivi, mimi vile, mimi na zambarau yangu. Nani kamwuliza? Mtu hanunui dawa kwa sababu daktari ana sura nzuri. Ananunua kwa sababu anaumwa. Kwa hiyo, mwenye akili haanzi na habari zake, anaanza na maumivu ya mteja. Na mteja asiposikia maumivu?

Anafinywa.

Jioni alimkuta shangazi anachambua mboga.

"Shangazi, wewe unajua kulalamika?"

Shangazi akaacha mboga. "Nimeishi na marehemu miaka ishirini. Unafikiri nilikuwa naimba?"

Mpango ulikuwa hivi. Shangazi angepita mbele ya duka la Seremala kama mteja aliyepotea. Angesimama, angetazama juu, angesema kwa sauti ya kusikika ndani: "Jamani, duka la vitanda liko wapi? Nimezunguka mpaka visigino vimelia, mbona hakuna bango?" Kisha aondoke na pesa zake. Afanye hivyo siku kadhaa, kila siku na lalamiko jipya, mpaka Seremala aanze kuliangalia bango lake kama mtu anavyoliangalia jino bovu. Ndipo Mkurugenzi angetokea, bila haraka, kama mtu aliyekuwa anapita tu na koleo mfukoni.

"Huo si ni utapeli?" shangazi akauliza.

"Ni utafiti wa soko."

"Kumbe. Basi nitavaa viatu vya kutembelea."

Siku ya kwanza Mkurugenzi alijificha nyuma ya gazeti upande wa pili wa barabara. Shangazi alifika, akasimama, akatazama juu, akaweka mkono kiunoni, na akalalamika. Lo! Nani angejua kipaji kile kilikuwa kinachambua mboga? Alimlaani aliyetengeneza bango, aliyelipaka, na jua lenyewe. Wapita njia wakasimama. Seremala akatoka na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Pole, mama. Ni hapa hapa. Karibu."

Kwa mujibu wa mpango, shangazi alitakiwa aseme "nimekwisha kughairi" na aondoke kwa hasira. Akaingia.

Mkurugenzi alisoma lile gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo, kabla shangazi hajatoka.

"Shangazi! Tulikubaliana uondoke!"

"Ningeondokaje nami nimeambiwa karibu? Nililelewa, mimi. Nikakaa kwenye kitanda kujaribu. Mwanangu, kitanda hakilii! Nimerukaruka, kimya."

"Umeruka?"

"Kwa ajili ya utafiti."

Siku ya pili alilalamika kwamba bango lile linamkumbusha ukucha wa babu yake, na Seremala, ambaye watu walisema hacheki, akasikika akikohoa namna fulani. Siku ya tatu alipofika tayari kulikuwa na kigoda kimewekwa nje kivulini, kipya, na mto juu yake. Siku ya nne alisahau kulalamika, akakumbuka alipofika kona, akarudi mbio: "Na bango lako ni baya!" Kutoka ndani sauti ikajibu, "Ahsante, mama, kesho basi!"

"Anaumia kweli?" Mkurugenzi aliuliza jioni hiyo.

"Anaumia vibaya," shangazi akajibu, akicheka peke yake na sufuria. "Usimharakishe. Kidonda kinaiva."

Mkurugenzi akasugua mikono. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Lakini hawakusema chochote kuhusu mwerevu ambaye hajui nani kati yao ndiye mjinga, na ninyi mnaocheka hapo mbele, endeleeni na kazi. Hadithi inasikilizwa kwa masikio, mikono ina shughuli zake.

Siku ya kuvuna ikafika. Mkurugenzi aliazima koti la fundi cherehani, lililoshonwa kwa ajili ya bwana harusi aliyebadili mawazo. Akaingia dukani kwa hatua za mtu mwenye miadi kwingine.

"Mzee, shikamoo. Samahani, hapa ni zahanati?"

"Marahaba. Hapana, ni vitanda."

"Vitanda!" Mkurugenzi akashika paji la uso. "Kumbe! Nami nimepita hapa mara ngapi. Mzee wangu, sikuja kuuza kitu. Lakini niambie ukweli, kama mtoto wako: ni wateja wangapi wanapotea kwa siku kwa sababu ya lile bango?"

Seremala akafikiri. "Kuna mama mmoja."

"Mmoja uliyemsikia. Na wasiolalamika?"

"Huyo mmoja anatosha," Seremala akasema, akachukua msasa, akaanza kuupangusa ubao ambao tayari ulikuwa laini kama shavu.

Mkurugenzi akaona damu inatoka. Akafungua kompyuta juu ya kitanda na kuonyesha picha alizoziandaa. Nembo ya duka ikiwa kwenye jengo la vioo la ghorofa nyingi. Nembo ikiwa kwenye lori jeupe refu. Nembo kwenye kofia za vijana wanaotabasamu, kwenye vikombe, kwenye mwavuli.

Seremala akavaa miwani. "Hili lori linakuja lini?"

"Hapana, mzee, lori ni la mfano."

"Na hawa vijana?"

"Wa mfano."

"Jengo?"

"La mfano, mzee."

"Mwavuli je?"

Mkurugenzi akameza mate. "Mwavuli tunaweza kuongea."

"Sasa cha kwangu hapo ni kipi?"

"Ile alama ndogo pale juu."

Seremala akaisogelea skrini, akaitazama ile alama kwa muda. "Na hii kazi unaifanya peke yako?"

Swali hilo ndilo limewazika madizaina wengi. Ukisema uko peke yako, mteja anaona njaa. Mkurugenzi akacheka kicheko cha kikampuni. "Peke yangu? Mzee, nina timu nzima. Ngoja nikuunganishe na ofisi."

Akapiga simu, akaweka sauti ya juu. Nyumbani, shangazi akafuta mikono, akabana pua kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, akapokea.

"Ofisi ya Mkurugenzi, karibuuu. Samahani, Mkurugenzi yuko kwenye kikao."

"Ni mimi hapa, sekretari. Niko na mteja mkubwa. Hebu mweleze jinsi tulivyobanwa na kazi."

"Tumebanwa," ile sauti ikasema puani. "Tumebanwa sana. Hata mimi hapa nimebanwa."

Seremala alikuwa ameacha msasa. Aliinamisha kichwa upande, kama fundi anayegonga ubao kusikiliza una nini ndani. Kisha ule uso wake wa mbao kavu ukafanya kitu ambacho Mkurugenzi alikichukulia kuwa ni heshima kwa taasisi.

"Huyu sekretari ana mafua?"

"Ni sauti ya kiofisi, mzee."

"Anaonekana mchapakazi."

"Nguzo yetu."

"Basi nimekubali," Seremala akasema. "Lakini mimi ni mtu wa kuelewa taratibu. Malipo siku bango likinipendeza. Na mabadiliko nitakuwa nampa sekretari. Niachie namba ya ofisi."

Mkurugenzi alitoka pale akiruka mitaro ambayo haikuwepo. Mteja! Mteja wa kweli! Bado tu kuingia mlangoni kwa miguu yake, na mwenye bango hakosi siku atakayokuja kuikagua kazi.

Kazi ikaanza, na jamani, kama kuna kitu kinachomfunza dizaina unyenyekevu, ni mabadiliko madogo. Mkurugenzi alichora kitanda kizuri, safi, chenye mistari mitatu. Jioni simu ikalia. Shangazi akaipokea uani, akakaa nayo mpaka wali ukaungua, akarudi na ujumbe.

"Anasema kitanda ni kizuri, lakini hakina mtu."

"Nembo haina mtu, shangazi! Nembo ni wazo!"

"Anasema wazo hulala wapi? Weka mtu."

Akaweka mtu. Kesho yake: mtu awe mwanamke. Akaweka mwanamke. Asilale, akae pembeni ya kitanda, kama anayekijaribu. Akamkalisha. Mbona amekonda hivyo, ana shida gani? Mwongeze mashavu. Akaongeza. Awe na kilemba. Rangi ipi? Siku hiyo simu ilikuwa ndefu kuliko zote, kicheko cha shangazi kilisikika mpaka kwa majirani, na jibu likaja: kijani.

"Kijani na kahawia havipatani!" Mkurugenzi akalia. "Kuna kanuni! Zambarau je?"

"Anasema zambarau ampakie anayeitaka."

Akaweka kijani. Kisha mwanamke acheke. Akicheka, mkono uwe kiunoni. Na pale mbele, kwenye meno, aache nafasi ndogo.

"Nafasi ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni sekretari tu," shangazi akasema, akatoka haraka.

Mtaniuliza: huyu kijana mwenye macho ya akili, haoni? Sasa nisikilizeni, maana hili ni suala la kitaalamu. Dizaina hafanyi kazi kwa kuangalia picha nzima. Anaikuza. Wiki hiyo yote Mkurugenzi alikuwa ndani ya shavu. Shavu moja lilijaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo. Asubuhi alilainisha kidevu, mchana aling'arisha jicho, jioni alihesabu mikunjo ya kilemba. Mtu anayetembea juu ya mgongo wa tembo hawezi kukwambia ameona mnyama gani. Na huyo tembo alikuwa jikoni, akiimba.

"Mteja wangu ana jicho," alimwambia fundi cherehani, aliyekuja na futi yake kupima chumba. "Kila akibadilisha, kazi inakuwa bora. Ni mwanafunzi wangu huyo, hajui tu."

"Pembeni hapa mashine ya kudarizi itatosha," fundi cherehani akajibu.

Bango likachapwa kubwa, upana wa duka zima, likafikishwa likiwa limekunjwa. Mkurugenzi alialika mtaa. Kinyozi alikuja. Mwenye duka la dawa alikuja, akamwangalia machoni kitaalamu akaonekana kuridhika. Fundi cherehani alikuja kulichunga koti lake. Shangazi alikuja kama raia wa kawaida, kilemba cha kijani kichwani. Mkurugenzi alikuwa ameandaa hotuba kuhusu safari ya ubunifu, lakini Seremala alikuwa keshapanda ngazi, akavuta kamba.

Bango likafunguka.

Kwa mara ya kwanza Mkurugenzi aliliona lote, kwa mbali, kwa ukubwa wake. Mwanamke mwenye mashavu mawili ya kushiba, amekaa pembeni ya kitanda, kilemba cha kijani, mkono kiunoni, anacheka, mwanya mbele.

"Heee," fundi cherehani akasema. "Si shangazi yako huyo?"

Watu wakatazama bango, wakamtazama shangazi, wakatazama bango. Shangazi naye alikuwa anacheka, na mkono ulikuwa palepale ulipochorwa. Mkurugenzi aliikunja hotuba yake, akairudisha mfukoni.

Seremala akashuka ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kusimama mbele ya shangazi.

"Mama," akasema, "mimi sina timu. Lori sina, vijana wa kofia sina, na lile jengo la vioo nimeulizia, si langu. Lakini tangu siku ya kwanza uliyosimama hapa kunitukania bango, nimekuwa nikifungua duka mapema nisije nikakukosa. Ulisema unataka duka linaloonekana. Nimekuwekea kitu ambacho hata mimi sitachoka kukiona. Lililobaki ni juu yako."

Angalieni hapo, enyi mnaotaka kuuza kazi zenu. Hakujisifu hata neno moja. Alimsikiliza mteja, akakumbuka kila alichokisema, akamwonyesha kwamba amemwona. Mkurugenzi alisomea kitu hicho, ana cheti chake, na akasimama pale kama godoro ukutani.

Shangazi akainua vidole viwili, akabana pua.

"Ofisi ya Mkurugenziii," akasema. "Subiri kidogo, nitazame kama kuna nafasi." Akajifanya kufunua karatasi hewani. "Ipo."

Mtaa ukalipuka. Kinyozi alimkumbatia mtu asiyemjua.

"Kumbe ulijua!" Mkurugenzi akamgeukia Seremala. "Tangu lini?"

"Tangu 'karibuuu'," Seremala akajibu. "Mwanangu, sauti iliyonitukana kila siku wiki nzima, niisahau kwa kubanwa pua tu?"

"Basi, mzee, kuhusu malipo..."

"Malipo?" Seremala akamshika bega kwa upendo mzito. "Unataka kumtoza baba yako?"

Jumapili Seremala alikuja na kaka yake mkubwa kuzungumza rasmi. Waliingia kwa mlango wa mbele, wakapita kati ya kompyuta na baiskeli ya marehemu, wakaketi. Mkurugenzi aliruka.

"Shangazi! Mwezi haujaisha! Mteja wa kweli, mwenye akili timamu, ameingia mlango huu kwa miguu yake! Ulisema mwenyewe!"

"Nilisema," shangazi akakubali. "Na ahadi ni deni. Mteja ameingia. Lakini hebu mwulize, amemfuata nani?"

Seremala akamwelekezea shangazi kidole, kwa aibu kidogo.

"Umesikia. Mteja ni wangu," shangazi akasema. "Nimemtafuta mwenyewe, kwa miguu yangu, na visigino vyangu vikalia. Basi ofisi ni yangu, na mwenye ofisi nimeamua kuipangisha." Akageukia dirisha. "Fundi! Leta mashine!"

Mashine zikaingia Jumapili hiyohiyo. Godoro likashushwa ukutani. Kumbe kweli lilikuwa linazuia kelele.

Na Mkurugenzi je? Ah, msimhurumie. Mjanja haanguki chali. Akianguka, anaanguka akiwa ameshika kitu. Alikusanya kompyuta yake, akalichukua lile koti la bwana harusi, akamchomoa Seremala pochi nzima wakati wanakumbatiana, akapanda basi la kwenda mji wa mbali. Huko, nasikia, ana jengo la vioo la kwake mwenyewe, na lori jeupe, na vijana wa kofia, na sekretari asiyebana pua. Wateja wanapanga foleni. Kila mwaka anamtumia shangazi mwavuli. Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa mji huu aliyemtia machoni te...

"Na hilo vumbi la mbao lililojaa masikioni mwako, ni la huko mji wa mbali?"

Sauti ilitoka mlangoni mwa karakana. Mafundi wawili wapya, walioanza kazi asubuhi na ambao nilikuwa nawapokea kwa hadithi hii nikiwa nimesimama juu ya benchi, waligeuka wote kwa pamoja. Pale alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, birika la chai mkononi, kilemba cha kijani kichwani. Nyuma yake, juu ya mlango, ilibandikwa nakala ndogo ya lile bango, na kwenye nakala hiyo kilemba kilekile.

Fundi mmoja akatazama bango. Akamtazama yeye. Kisha, polepole sana, akanitazama mimi, hasa shingo.

"Msimulizi tu mimi," nikasema.

Shangazi akaweka birika chini, akainua vidole viwili mpaka puani.

"Ofisi ya Mkurugenziii, karibuuu. Samahani sana, Mkurugenzi yuko kwenye kikao na ubao wa kichwani mwa kitanda, na baba yake anauliza ule msasa utaisha leo, au amwite yule baba mdogo wa kuku?"

Nikashuka kwenye benchi.